Nukta, mstari na bapa: kwa nini nukta tatu zinatosha

Nukta ina mahali tu. Haina urefu, upana wala kina. Mstari mnyoofu una urefu usiokoma upande wowote, lakini hauna unene. Bapa ni uso usiopinda popote, unaoenea bila mwisho, nao pia hauna unene. Bikoni ya kiwanja inaonyesha nukta ilipo, ila yenyewe ni zege.

Hayo wanafunzi huyashika upesi. Kinachowasumbua ni nini hasa kinatosha kulifunga bapa lisiyumbe.

Pita Iyumbu au Mtumba, hapa Dodoma, siku wapima ardhi wakiwa kazini. Kifaa chao husimama kwa miguu mitatu. Ardhi ina mabonde na mawe, lakini ncha zote tatu zinagusa chini, kwa sababu nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja hupitiwa na bapa moja, na moja tu. Ukiongeza mguu wa nne, ncha yake si lazima iangukie kwenye bapa hilo. Ikibaki hewani, kifaa kinacheza. Kutulia, lakini, si kulala sawa. Bapa la ncha tatu laweza kuinama, ndiyo maana mpimaji hurefusha mguu huu na kufupisha ule mpaka kipovu cha pimamaji ya kifaa kikae katikati.

Sharti la "zisizo kwenye mstari mmoja" lina uzito wake. Panga ncha zote tatu kwenye mstari mmoja, kifaa kitaanguka: mstari mmoja hupitiwa na mabapa yasiyo na idadi, na hakuna kinachochagua lipi liwe.

Mistari miwili inayokatana nayo hufunga bapa moja. Miwili sambamba vilevile.

Sasa njoo kwenye kosa kubwa. Ubaoni, mistari miwili isipokutana ni sambamba, basi. Hiyo ni kwa sababu ubao ni bapa moja. Simama mahali reli ya SGR inapopita darajani juu ya barabara. Reli haikutani na barabara hata ukiirefusha vipi, na bado si sambamba, kwani zinaelekea kwingine kabisa. Hakuna bapa moja linaloweza kuzibeba zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba mistari miwili ni sambamba, thibitisha kwanza kwamba iko kwenye bapa moja. Kutokutana peke yake hakutoshi.