Muuguzi wa usingizi kupitia jeshi: maana yake na njia yake Marekani

Muuguzi wa usingizi ni muuguzi aliyeongeza masomo ya kumlaza mgonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji, kumtia ganzi, kusimamia pumzi na mapigo ya moyo wake wakati daktari anapasua, kisha kumzindua salama. Marekani cheo chake cha kitaaluma ni CRNA, yaani muuguzi wa usingizi aliyesajiliwa na kuthibitishwa. Akisema amefika hapo kupitia jeshi, mara nyingi maana yake ni kwamba jeshi lilimsomesha huku likimlipa mshahara, naye akafunga mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa akiwa ofisa. Wapo pia waliotumikia kwanza wakasoma baadaye.

Watu wengi humchanganya na askari wa huduma ya kwanza, yule anayekimbia na mkoba mgongoni kumfunga mwenzake jeraha. Mafunzo ya askari huyo ni ya miezi. Muuguzi wa usingizi ana shahada ya kwanza ya uuguzi, leseni, uzoefu wa kuhudumia wagonjwa mahututi, na juu yake miaka mingine mitatu hivi ya masomo. Askari wa huduma ya kwanza anaweza kufika huko, ila sharti kwanza asome awe muuguzi, na zipo programu za kijeshi zinazowasomesha askari wa kawaida shahada ya uuguzi kisha kuwapa uofisa.

Taaluma hii na vita vimekua pamoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, muuguzi Agatha Hodgins aliondoka Cleveland pamoja na daktari bingwa wa upasuaji George Crile, wakaenda hospitali ya Wamarekani iliyokuwa Neuilly, kando ya Paris. Hodgins aliwalaza majeruhi kwa gesi ya naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, akawafundisha na wengine kazi hiyo. Mwaka 1931 ndiye aliyeanzisha chama cha wauguzi wa usingizi wa Marekani. Kikosi cha wauguzi cha jeshi la nchi kavu kilikuwa cha wanawake watupu hadi 1955, na mwanamume wa kwanza kupewa uofisa humo, Edward Lyon, alikuwa muuguzi wa usingizi.

Kwa nini jeshi linamhitaji hivyo? Jibu liko kwenye hema la upasuaji lililo karibu na mapigano. Timu ya upasuaji wa mbele, ile iliyotumika sana Iraq na Afghanistan, iliundwa na watu 20 hivi: madaktari wachache wa upasuaji, wauguzi, wasaidizi, na wauguzi wa usingizi wawili. Mara nyingi daktari bingwa wa usingizi hakuwamo kabisa. Majeruhi akiletwa na helikopta, uamuzi wa dawa gani, kiasi gani na lini ni wa muuguzi huyo. Hakuna wa kumpigia simu aje asimame nyuma yake.

Fikiria askari aliyekatika mguu kwa bomu la ardhini. Amepoteza damu nyingi na presha yake iko chini. Propofoli, dawa ya kulaza inayotumika kila siku hospitalini, hushusha presha zaidi, na kwa mtu wa hali hii dozi ya kawaida inaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo muuguzi huelekea kwenye ketamini, ambayo kwa kawaida huisaidia presha isianguke, tena kwa dozi ndogo, kwa sababu hata ketamini huweza kumwangusha aliyeishiwa nguvu. Anapitisha mrija wa hewa kooni haraka, maana mgonjwa hakufunga na anaweza kutapika chakula kikaingia mapafuni. Wakati huohuo anaongoza urudishaji wa damu. Damu ya akiba ikikaribia kwisha, askari wenzake waliopimwa kabla hupanga mstari na kutoa damu hapohapo, na majeruhi huipokea ikiwa bado ina joto. Mashine yenyewe si lile kabati kubwa la hospitali. Jeshi limetumia kwa miaka mingi kifaa kidogo ambacho hewa ya kawaida hupita juu ya dawa ya mvuke ikivutwa na pumzi ya mgonjwa mwenyewe, bila kutegemea mitungi ya gesi. Waliofanya kazi hospitali za wilaya Afrika Mashariki watakitambua kifaa cha namna hii.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani halisi ya njia ya jeshi, kuliko hata ada iliyolipwa. Jeshini muuguzi wa usingizi hufanya kazi kwa kujitegemea tangu mapema. Uraiani mambo hutofautiana jimbo kwa jimbo: kuna majimbo yanayomwachia, na kuna yanayotaka asimamiwe na daktari. Hata hospitali za maveterani, yaani askari wa zamani, ambazo mwaka 2016 ziliwapa wauguzi wengine wa ngazi ya juu mamlaka kamili ya kutibu bila usimamizi, ziliwaacha wauguzi wa usingizi nje ya kanuni hiyo. Huyu aliyewalaza askari peke yake hemani! Naona jambo hilo halikuwa la haki.

Sasa njia yenyewe. Jeshi la nchi kavu lina programu yake ya kusomesha wauguzi wa usingizi, USAGPAN, yenye makao Fort Sam Houston huko San Antonio, Texas, na shahada yake hutolewa na Chuo Kikuu cha Baylor. Chuo Kikuu cha Huduma za Kijeshi kilichoko Bethesda, Maryland, nacho kina shule ya uuguzi iliyoanzishwa 1993, na husomesha maofisa kutoka matawi mbalimbali, wakiwamo wa jeshi la majini na la anga. Tofauti moja ni ya kuzingatia: Bethesda ni kwa walio tayari kwenye utumishi na waliochaguliwa na tawi lao, wakati programu ya Texas hupokea pia wauguzi wasio wanajeshi, ambao huapishwa na kupata mafunzo ya uofisa kabla ya kuingia darasani.

Sifa za kitaaluma ni zilezile za vyuo vya kiraia: shahada ya kwanza ya uuguzi, leseni, na angalau mwaka mmoja wa kazi na wagonjwa mahututi. Jeshi huongeza yake, yaani vipimo vya afya, uzito, mazoezi ya mwili na ukomo wa umri. Masomo huchukua takriban miezi 36. Mwaka wa kwanza ni wa fiziolojia, famakolojia na maabara, kisha mwanafunzi hupelekwa hospitali ya jeshi kujifunza kwa vitendo, huku ganzi ya mishipa ya fahamu kwa kutumia ultrasaundi ikipewa uzito mkubwa. Mwishoni hukaa kwenye mtihani uleule wa taifa unaofanywa na raia. Tangu 2022 wanafunzi wapya wote nchini humo huingia kwa ngazi ya shahada ya udaktari (uzamivu), jeshini na uraiani.

Gharama yake ni muda na uhuru. Mkataba wa utumishi baada ya kuhitimu kwa kawaida ni mrefu kuliko masomo yenyewe. Jeshi ndilo linaloamua uishi wapi na uende vitani lini. Anayeshindwa masomo haachiliwi hivihivi, bado ana deni la utumishi na anaweza kupangiwa uuguzi mwingine. Na mshahara wa jeshini, hata pamoja na marupurupu ya taaluma, huwa chini ya ule wa uraiani, ambako wengi hupata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Upande wa pili, mwenzako wa uraiani huacha kazi ili asome, na si ajabu akahitimu na deni linalopita dola 100,000.

Kuna na shida isiyosemwa sana na wanaosajili watu. Wakati wa amani hospitali nyingi za jeshi hupokea vijana wenye afya njema na upasuaji mdogomdogo, na mkono usiopata kesi nzito hupoteza wepesi. Ndiyo maana timu za upasuaji za jeshi la nchi kavu zimekuwa zikipelekwa kunolewa kwenye kituo cha majeruhi cha Ryder, Miami, kabla ya kwenda vitani. Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza utapangiwa hospitali yenye kesi za aina gani.

Njia ya pili ni kutumikia kwanza, kisha kutumia mafao ya masomo ya maveterani, Post-9/11 GI Bill, yaliyoanza kutolewa 2009. Aliyetimiza utumishi unaotakiwa hupata miezi 36 ya ada na posho ya makazi. Wapo wanaoitumia yote kwenye shahada ya kwanza, ambayo sehemu yake ingeweza kusomwa kwa bei nafuu chuo cha jamii, na wanapofika kwenye masomo ya usingizi yenye ada kubwa mfuko ni mtupu. Ukiwa na nia ya mbali, tunza miezi hiyo.

Kwa Waswahili walioko Marekani, kikwazo cha kwanza ni uraia. Mwenye green card anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, lakini uofisa wa jeshi kwa kawaida unataka raia wa Marekani, na wauguzi wa jeshi ni maofisa. Utumishi wenyewe unaweza kuharakisha uraia, hivyo wapo wanaoanzia chini. Mwenye stashahada ya uuguzi kutoka Kenya au Tanzania atahitaji kwanza kufaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, na kupandisha elimu hadi shahada. Hata aliyesomea usingizi nyumbani, tuseme hospitali ya KCMC pale Moshi, hatakubaliwa kukaa kwenye mtihani wa CRNA mpaka ahitimu programu iliyoidhinishwa Marekani. Uzoefu wake haupotei, kwani aliyezoea ketamini na umeme wa kukatika ataielewa kazi ya hemani upesi. Lakini kwenye karatasi ataanza upya, na ni vizuri alijue hilo kabla ya kusaini chochote mbele ya ofisa wa usajili.