Supu ya mifupa iliyolala jikoni: maswali ninayoulizwa kila mara

Supu ya mifupa ni nini hasa?
Ni maji yaliyochemka na mifupa ya ng'ombe kwa saa nyingi, mara nyingi 6 hadi 12, mpaka kano na gegedu zilainike na kutoa ule ute ambao ukipoa hutikisika kama jeli. Ina ladha na ina protini kiasi. Kalsiamu ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, hata ukitia siki.

Naipikaje?
Osha mifupa, itie kwenye maji baridi, ikichemka engua povu, kisha punguza moto itokote taratibu. Chumvi iwe kidogo na iingie mwishoni, hasa kama nyumbani kuna mwenye presha. Hapo wengi hawakosei. Wanakosea wakishazima jiko.

Kwa nini baada ya kuzima jiko?
Kwa sababu ni saa 4 usiku, mpishi amechoka, anafunika sufuria na kusema, "Asubuhi nitaichemsha." Asubuhi nyumba nzima inakunywa. Jioni au kesho yake nawakuta wamejipanga kwenye benchi la kituo cha afya, kila mmoja kashika tumbo. Nawauliza walikula nini, ingawa jibu ninalo tayari.

Si nikiichemsha tena vijidudu vinakufa?
Hapana. Kuna bakteria wanaojifungia ndani ya ganda gumu lisilovunjwa na maji yanayochemka. Supu ikishuka chini ya nyuzi 60 wanaamka na kuanza kuzaana, na ikiwa vuguvugu baadhi yao huongezeka maradufu kwa dakika 20 au hata chini ya hapo. Asubuhi moto utawaua wengi, sawa. Lakini wapo wanaoacha sumu ndani ya supu, na baadhi ya sumu hizo haziharibiki kwa kuchemshwa. Na tusemezane ukweli: wengi hawachemshi, wanapasha tu mpaka mvuke uonekane.

Lakini sikufunua kifuniko, na mafuta yaliganda juu.
Bado hapana. Utando wa mafuta ni blanketi: unashika joto chini yake na kuzuia hewa. Mmoja wa bakteria hawa wa supu na nyama hupenda hasa mahali pasipo hewa. Tena hakuhitaji kuingia usiku, alikuwemo tangu mwanzo.

Niliionja, haikuwa na harufu.
Hapana, hapana. Supu yenye kuumiza inaweza kunukia vizuri kabisa. Ulimi si kipimo.

Kwetu tumefanya hivyo miaka yote.
Na miaka yote mmekuwa mkisema "tumekula kitu kibaya" bila kukitaja.

Basi nifanyeje?
Ukizima moto, toa mifupa na uchuje. Gawa supu kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi vidole vitatu, uviweke ndani ya beseni la maji baridi. Koroga, badilisha maji yakipata joto. Ndani ya saa 2 iwe imeingia kwenye friji, na hapo inakaa siku 3 hadi 4. Zaidi ya hapo igandishe. Usisukume sufuria nzima ya moto ndani ya friji: kingo zitapoa, katikati itabaki vuguvugu nusu ya usiku. Huna friji? Pika itakayoisha siku hiyo hiyo.

Nimeshakunywa na sasa naharisha. Nifanye nini?
Wengi hupata nafuu kwa siku moja au mbili, mradi maji yasipungue mwilini. Tumia ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ukichanganya pakiti na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, unywe kidogo kidogo.

Kinachonichosha ni hiki: mtu anaharisha, na ndugu zake wanampa supu ile ile "arudishe nguvu". Supu si ORS. Supu iliyomwangusha haiwezi kumwinua. Na wakati inapashwa kwa mara ya tatu, saa zinapita.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila anachokunywa, mkojo kukatika, macho kudidimia au usingizi usio wa kawaida. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, mjamzito au mzee akianza kulegea, ondoka sasa hivi. Usiseme "tuone kesho". Hao wa "tuone kesho" ndio ninaowatafutia mshipa wa dripu na kuukosa.

Imebaki nusu sufuria, nayo ni nyama ya pesa.
Mwaga. Mifupa nayo itupe, usimpe mbwa: mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumchana utumbo.