Je, wajua kwa nini kuongeza kingamwili kunaweza kukufichia seli unayoitafuta?

Kwa anayehudhuria kliniki ya CTC, ile ya matunzo na tiba kwa wenye virusi vya UKIMWI, hapa Dodoma, neno CD4 si geni. Anajua ni hesabu ya askari wa mwili, na kwamba ikishuka chini ya 200 kwa kila maikrolita ya damu, daktari huanza kuwinda magonjwa nyemelezi. Kisichosemwa sana ni kwamba CD4 yenyewe si seli. Ni protini iliyochomoza juu ya utando wa seli, na mashine ya kuhesabu seli haiioni kabisa. Mashine huona mwanga. Kingamwili, yaani protini inayoshika lengo lake maalumu, ikibandikwa rangi hushika CD4, seli hupita moja moja mbele ya leza, rangi hung'aa, na kihisi huhesabu. Mwanasayansi Albert Coons alianza kubandika rangi inayong'aa kwenye kingamwili mwaka 1941. Watafiti Köhler na Milstein walipopata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu mwaka 1975, kazi ikawa ya kuaminika.

Sasa fikiria mwanafunzi wa utafiti anayeona seli zake zinang'aa kidogo. Wazo la kwanza ni kuongeza kingamwili: rangi zaidi, mwanga zaidi. Dhana hii imekita mizizi hata kwa wenye uzoefu, na inastahili kung'olewa kwa hesabu.

Maikrogramu 1 ya kingamwili aina ya IgG ina molekuli takriban trilioni 4. Weka kwenye tyubu seli milioni 1, na tuseme kila moja imebeba CD4 100,000, makadirio ya juu kwa limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Jumla ni CD4 bilioni 100. Kila CD4 moja inagombewa na kingamwili 40. Moja ikishakaa, hizo 39 zinakwenda wapi?

Panda daladala ya Sabasaba kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, asubuhi. Abiria wa kwanza wanakaa. Siti zikiisha, wanaofuata hawarudi nyumbani: wanashika bomba, wanaegemea migongo ya siti, wanabanana mlangoni. Siti ni CD4, na kingamwili huipenda siti kuliko kitu kingine, ndiyo maana kiwango kidogo tu huzijaza. Ukiendelea kupakia, siti haziongezeki, wanaoongezeka ni waliosimama. Halafu fikiria daladala ya pili iliyong'olewa siti zote, yaani seli isiyo na CD4. Hiyo nayo inabeba watu wa kusimama. Ukihesabu vichwa kwa mbali, magari mawili yanaanza kufanana. Mfano huu una kasoro moja: kingamwili hushika na kuachia muda wote, kwa hiyo kinachoamua ni wingi wake ndani ya ujazo, si idadi peke yake.

"Mabomba" ya kushika yanajulikana. Monosaiti na seli B, nazo ni seli nyeupe za damu, zina vipokezi vya Fc vinavyodaka mkia wa kingamwili bila kujali inatafuta nini. Zitulize kwanza kwa dakika 10 na IgG ya binadamu isiyo na rangi. Seli mfu ni mbaya zaidi, kwa sababu utando umepasuka na kila kitu kinanata ndani. Hizo zitiwe alama kwa rangi ya kutambua wafu, kama 7-AAD, kisha ziondolewe kwenye hesabu.

Kipimo sahihi hutafutwa hivi. Tyubu zote ziwe na seli idadi ileile katika ujazo uleule, tuseme maikrolita 100. Ya kwanza weka maikrogramu 1, kisha punguza nusu kwa nusu: 0.5, 0.25, 0.125, 0.06, 0.03, na moja iachwe bila kingamwili. Dakika 20 hadi 30 kwenye nyuzi joto 4, gizani. Osha mara mbili kwa bafa ya PBS (maji ya chumvi ya fosfati) yenye seramu asilimia 2, ukizungusha kwenye sentrifyuji kwa 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia) dakika 5. Baada ya kusoma, chukua mediani (thamani ya katikati) ya mwanga wa seli zenye CD4, toa mediani ya zisizo nayo, kisha gawa kwa mara mbili ya mchepuko sanifu (kipimo cha kutawanyika) wa hizo zisizo nayo. Tyubu yenye jibu kubwa ndiyo kipimo chako. Mara nyingi si ile inayong'aa kuliko zote, na kuiona hiyo kwenye grafu kunafurahisha kila mara.

Kosa linaloharibu zoezi zima ni kupata jibu kwenye maikrolita 100 kisha kufanya kazi kwenye 300. Kosa la pili ni kubana kingamwili mno: siti zisipojaa, tyubu yenye seli nyingi itaonekana hafifu kuliko yenye chache, ingawa CD4 kwa kila seli ni zilezile.

Barafu si mapambo. Katika joto la Dodoma la mwezi wa kumi, seli iliyoachwa mezani humeza protini pamoja na kingamwili yake. Chupa ikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na dirisha, na yenye rangi ya PE (fikoerithrini) isigandishwe hata umeme ukitishia kukatika, kwa kuwa PE ni protini na kuganda huiharibu.

Haya yote ni ya utafiti. Kingamwili za kipimo cha kliniki huja zimeshapimwa na mtengenezaji, na maelekezo yake ndiyo yafuatwe.

Tena si kila mwanga hafifu ni wa waliosimama. Monosaiti za binadamu zina CD4 za kweli, ila chache. Ndizo za kwanza kupotea kingamwili inapozidi, kwa kuwa mwanga wake mdogo humezwa na ule wa waliosimama, na kwenye grafu kilima chao kinayeyuka ndani ya kile cha seli zisizo na kitu.