Chemba isiyonuka si lazima iwe salama

Mafundi wengi hapa Mwanza, Kirumba hadi Igogo, hufunua chemba ya maji taka, hunusa, na isiponuka sana hushuka. Pua haifai kwa kazi hii. Methani, gesi inayotokea uchafu unapooza pasipo hewa, haina harufu kabisa. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Ile inayonuka kama yai viza, haidrojeni salfaidi, nayo huwaka, na ikizidi huitia pua ganzi: unadhani imeisha, kumbe ndiyo imekolea.

Kuwasha kiberiti ili kupima ni kujitafutia kifo. Tafadhali msifanye.

Teremsha kipima gesi kwa kamba: juu, katikati, chini, maana methani hupanda na mvuke wa petroli hutuama. Tazama oksijeni kwanza. Ikipungua, vipima vingi husoma vibaya gesi inayowaka. Oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5. Feni ipulize hewa safi, na kipima kiendelee kusoma mtu akiwa ndani, kwani tope likikorogwa huachia gesi upya. Mwenzake juu asimfuate akianguka. Apige 114, zimamoto.