Kesi ya mwanao imefutwa. Ilifutwa vipi?

Mama mmoja wa Ujiji alinijia ofisini hapa Mwanga, Kigoma, na mfuko wa karatasi. "Wakili, si walisema kesi imefutwa? Mbona mtoto kakamatwa tena, na shtaka ni lile lile la mkusanyiko usio halali?"

Nimekuwa nikiulizwa hivyo mara kwa mara tangu Novemba 2025, pale mamia ya walioshtakiwa kwa uhaini baada ya maandamano ya Oktoba 29 walipofutiwa kesi. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Ila kufutiwa kesi ni jambo moja, kuachiwa huru ni jingine.

Mimi huuliza kwanza: kesi ilikuwa imefikia wapi? Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, mwendesha mashtaka akiiondoa kesi mahakama ya chini kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, shtaka linaweza kurudi. Akiiondoa baada ya hapo, mshtakiwa ameachiwa huru na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo.

DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ana njia yake katika sheria hiyo hiyo, kifungu tulichozoea kukiita 91. Anaiarifu mahakama kwamba hana nia ya kuendelea, wakati wowote kabla ya hukumu, na hilo halizuii mashtaka mapya. Hili limeumiza watu wengi: anafutiwa kesi ndani, anakamatwa nje mlangoni, miezi ya rumande inaanza upya. Kwangu huko ni kuuchezea utaratibu, na Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka DPP azuie matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki. Marekebisho ya 2022 yaliweka kizuizi: aliyeachiwa kwa njia hiyo asikamatwe tena kwa mambo yale yale mpaka upelelezi ukamilike na kesi iwe tayari kusikilizwa. Mkisikia tena "upelelezi haujakamilika", wakili wenu asimame siku hiyo hiyo.

Na dhamana ya zamani huisha na kesi. Tafuteni wadhamini upya, na barua za mtendaji wa mtaa au kijiji upya.

Tuliomba nakala ya mwenendo wa kesi ya kijana yule. DPP hakuwa na nia ya kuendelea, na hakuna shahidi hata mmoja aliyekuwa amesikilizwa. Kwa hiyo kurudishwa kwa shtaka sina la kulipinga. Nitakachouliza mbele ya hakimu ni upelelezi umefika wapi.