Majilio ukiwa na shifti ya hoteli

Mimi ni katekista hapa Unguja, na kila ikifika mwisho wa Novemba meseji zinaanza kuingia, nyingi kutoka Nungwi, Paje na Kiwengwa: "Mwalimu, Majilio yatanipita tena, hoteli imejaa, ofu hamna." Majilio ndo zile wiki nne hivi za kungoja Krismasi. Nawaelewa sana. Kaskazi ishaanza, wageni wanamiminika, na vijana wetu wengi waliokuja kutoka bara ndo wako hapo mapokezi, jikoni, laundri, getini.

Lakini mie naona shifti sio tatizo kubwa. Tatizo ni Krismasi kuanza mapema. Novemba haijaisha mti wa plastiki ushasimama pale mapokezi, spika inapiga nyimbo za Noeli kutwa, na anayepanda ngazi kufunga vile vitaa ni huyohuyo kijana wetu wa kwaya, sasa ikifika 25 keshachoka na Krismasi yenyewe! Kazi ifanye, tena uifanye vizuri, ila chumbani kwako Krismasi iache kwanza. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza hili, majirani zetu Waislamu hawali Iddi katikati ya Ramadhani, wanangoja mwezi uandame, na utamu wa Iddi yao tunauona sote mtaani.

Ukiangalia kanisani utaona liturujia inakusaidia kungoja. Padre kavaa zambarau, wimbo wa Utukufu hatuimbi, lakini Aleluya tunaimba, kwa hiyo jamani sio Kwaresima ndogo kama wengine wanavyodhani, ni kungoja kwenye furaha ndani yake, ndo maana Dominika ya tatu tunaweza kuvaa rangi ya waridi.

Sasa kwa mtu wa shifti mie huwa nampa Marko 13, kuanzia mstari wa 33. Soma taratibu. Bwana anasafiri, anawaachia watumwa wake kila mtu na kazi yake, na bawabu anaambiwa akeshe, maana hajui bwana atarudi jioni, usiku wa manane, jogoo akiwika au asubuhi. Yaani Yesu anapotufundisha kungoja anamtaja mlinzi wa mlangoni! Hakumwambia aache geti aende kusali, kamwambia akeshe palepale. Kwa hiyo wewe wa zamu ya usiku chukua hizo nyakati nne, kila moja ikifika sema tu "Njoo, Bwana Yesu", hata kama mkononi una funguo za mgeni au ndoo ya maji. Usijipangie novena tatu na rozari nzima usiku wa manane, utaacha siku ya pili.

Kuanzia tarehe 17 Desemba ndo ongeza kidogo, maana hapo Kanisa linageukia kuzaliwa kwenyewe. Kwenye Masifu ya Jioni, mpaka tarehe 23, kuna antifona saba, yaani vibwagizo vifupi vya sala, kila siku moja, zinamwita Kristo kwa majina yanayotoka kwenye maneno ya manabii: Hekima, Adonai (yaani Bwana), Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Ziandike kwenye simu. Jina moja kwa siku linatosha, ulibebe mpaka kulala. Na kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, nendeni kabla ya wiki hiyo, tafadhali, msisubiri tarehe 24 kila mtu yuko kwenye foleni na padre ana Misa ya mkesha mbele yake.

Shada la Majilio nalo, lile duara la majani lenye mishumaa minne, watu wananiuliza. Mivinje iko tele ufukweni, omba vijitawi kwa mwenye eneo, zungushia kwenye sahani. Mishumaa ya zambarau ukikosa madukani weka mieupe minne, mitatu ifunge utepe wa zambarau na mmoja wa waridi. Weka mbali na dirisha, upepo wa kaskazi unaizima kabla hujamaliza Baba Yetu. Na hivyo vijitawi vibadilishe kila Jumamosi, mvinje ukikauka unashika moto haraka mno.