Je, wajua kwa nini FTX ilianguka ilhali bitcoin haikuvunjwa?

Novemba 2022, kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, Tanga, nilimweleza kijana mmoja kwa uhakika wote kwamba FTX, soko la sarafu za kidijitali, imeangushwa na wadukuzi. Wameivunja bitcoin, sarafu maarufu kuliko zote, nikamwambia, wamebeba kila kitu. Muuza kahawa akatikisa kichwa kwa huruma, nami nikajiona mjuzi.

Nilikosea, tena kosa la watu wengi. Bitcoin haikuvunjwa. Daftari lake la miamala huandikwa na kompyuta nyingi duniani, na siku FTX inaanguka liliendelea kuandikwa kama kawaida, fungu moja la miamala takriban kila dakika 10. Ila ulinzi ule humfaa anayeshika funguo zake mwenyewe, yaani namba za siri za kuhamishia sarafu, na mteja wa FTX hakuwa na funguo. Alikuwa na tarakimu kwenye skrini, na tarakimu hiyo ilikaa katika daftari jingine kabisa, la kampuni.

Hapa mtu wa Tanga ana bahati, maana ghala la mkonge analijua. Tuseme umepeleka marobota 10 ghalani, ukapewa stakabadhi. Robota ni robota. Siku ya kuchukua si lazima udai yale yale uliyoleta, unadai 10 yoyote. Upenyo wa mwenye ghala ndio huo. Akimpa ndugu yake marobota 6 akafanyie biashara, stakabadhi yako haibadiliki hata herufi. Mwenzako akija kuchukua 2 anapewa, anaondoka akilisifu ghala. Mambo yanaweza kwenda hivyo miaka, hadi siku wenye stakabadhi wote watakapofika pamoja na maguta yao.

Mfano huu una kasoro moja. Ghala la mkonge huwezi kuchungulia ndani, lakini sarafu zilizomo kwenye pochi za kidijitali mtu yeyote anaweza kuziona. Asichoweza kuona ni stakabadhi ngapi ziko nje.

Ndugu wa FTX alikuwa Alameda Research, kampuni ya biashara iliyoanzishwa 2017 na Sam Bankman-Fried, ambaye 2019 alianzisha pia FTX. Masharti ya FTX yalisema sarafu ni mali ya mteja. Ndani ya programu, hata hivyo, akaunti ya Alameda iliruhusiwa kushuka chini ya sifuri, yaani kutumia fedha za wateja wengine, na kikomo cha mkopo wake kilifika dola bilioni 65. Nilikisoma kiwango hicho mara tatu, maana Januari 2022 wawekezaji waliikadiria FTX nzima kuwa na thamani ya dola bilioni 32.

Na mali ya Alameda yenyewe? Sehemu kubwa ilikuwa FTT, sarafu iliyotolewa na FTX. Ni kama mwenye ghala kuchapisha kuponi zake, chache zikauzika kwa bei nzuri, kisha akahesabu lundo zima lililobaki stoo kwa bei hiyo hiyo.

Tarehe 2 Novemba 2022 CoinDesk, tovuti ya habari za sarafu za kidijitali, ilichapisha habari za hesabu hizo. Tarehe 6, Changpeng Zhao, aliyekuwa mkuu wa Binance, soko shindani la FTX, akatangaza kuuza FTT zake, na maguta yakaanza kufika. Wateja waliomba takriban dola bilioni 6 ndani ya siku 3. Tarehe 11 FTX ilikuwa mahakamani Marekani ikiomba kinga ya mufilisi, na pengo la fedha za wateja lilikuwa takriban dola bilioni 8. Bankman-Fried alidai ni makosa ya uendeshaji. Jopo la raia halikukubali, na Machi 2024 akahukumiwa miaka 25.

Nijitendee haki kidogo: wezi walikuwepo. Saa chache baada ya ombi lile la mufilisi, sarafu za mamia ya mamilioni ya dola zilihamishwa bila idhini. Ila walifika mkeka wa msiba umeshatandikwa.

Sehemu ya ajabu zaidi ni malipo. Mpango ulioidhinishwa Oktoba 2024 unawalipa wateja wengi kiasi kinachozidi madai yao, lakini kwa bei za Novemba 2022. Aliyeweka bitcoin 1 alihesabiwa chini ya dola 17,000, na mwezi ule mpango unaidhinishwa bitcoin 1 ilikuwa zaidi ya dola 60,000. Marobota yake amelipwa yote, kwa bei ya siku ghala lilipofungwa.